Mtoto Akisema, Shule Ijibu

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kufundisha shule za msingi, hasa wale watakaokwenda karibuni kwenye mazoezi ya kufundisha. Yanahusu jambo ambalo halimo katika ratiba ya vipindi wala halitungiwi azimio la kazi, lakini ambalo mwalimu atakayedumu kazini hatakosa kukutana nalo. Nalo ni hili: mtoto aliyenajisiwa, au aliyeshikwa kwa namna asiyoitaka, anapomjia mwalimu wake, na shule yenyewe, au ofisi iliyo juu yake, inapotaka habari hiyo iishe kimya kimya.

Kilichotusukuma kuandika ni swali. Tulikuwa Kidodi, wilayani Kilosa, tukiwatembelea wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi. Jioni moja, baada ya kukagua maandalio ya masomo, mwanachuo mmoja alibaki nyuma. "Mkufunzi," alituuliza, "mtoto akinieleza jambo la namna hiyo, na anayetajwa ni mwalimu, tena mkubwa kwangu, nimwambie nani?" Tulimjibu kwa wepesi: amwambie mwalimu mkuu. Alituangalia kwa adabu, akasema, "Na kama ni yeye mwalimu mkuu?"

Hatukuwa na jibu zuri jioni ile. Haya ndiyo majibu yetu, ingawa yamechelewa.

HALI ILIVYO

Anayeijua barabara itokayo Mikumi kuelekea Ifakara anakumbuka jinsi miwa inavyoikaribia pande zote mbili afikapo maeneo ya Kidodi na Ruaha. Wenyeji ni Wavidunda na Wasagara, lakini kazi ya miwa imevuta watu kutoka sehemu nyingi za nchi, na msimu wa kukata huleta wengine wasio na jamaa wala balozi anayewafahamu. Wazazi hutoka alfajiri. Watoto hutembea peke yao kwenda shule na kurudi, na njia nyingine hupita katikati ya mashamba ambamo mtu mzima hawezi kuonekana akiwa hatua kumi tu.

Ni rahisi basi kusema kwamba hatari imo ndani ya miwa, na kwamba wajibu wa mwalimu ni kuwaonya watoto wapite njia kuu. Wajibu huo upo. Lakini utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ambao uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24 Bara na Visiwani, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na karibu mvulana 1 katika kila 7, walikwisha kufanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Watendaji hawakuwa wa aina moja. Walikuwamo wageni, majirani, jamaa, na watu wenye mamlaka juu ya mtoto, walimu miongoni mwao. Takribani nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

Tafadhali msomaji asipite haraka kwenye habari ya wavulana. Vyuoni mwetu tumezoea kulizungumza jambo hili kana kwamba ni la wasichana peke yao, na mvulana aliyelawitiwa anajua kwamba akisema atachekwa kabla hajaaminiwa.

Hesabu ile tuifasiri kidarasa. Mwanachuo atakayepewa darasa la wanafunzi 60, nusu wasichana, ana watoto kadhaa mbele yake ambao limewapata au litawapata kabla hawajawa watu wazima. Hawezi kuwatambua kwa kuwatazama. Wapo wanaosinzia, wapo wanaokuwa watukutu ghafla, na wapo wanaoendelea kushika nafasi ya kwanza.

JAMBO LETU WENYEWE

Hapa hatuna budi kusema habari inayotuhusu. Tulipokuwa walimu wapya, katika mkoa mwingine na katika shule ambayo hatutaitaja, msichana wa darasa la sita aliacha kuja shule. Walimu walijua sababu, na wanafunzi waliijua kabla ya walimu. Mwenzetu mmoja alikuwa akimwita nyumbani kwake jioni kumwagia bustani. Baba wa mtoto alikuja, akafungiwa ofisini na wazee wawili wa kamati ya shule, akatoka ameshika bahasha. Kikao cha walimu kilifanyika siku ya tatu. Tuliambiwa kwamba mtihani umekaribia, kwamba jina la shule lisichafuliwe, na kwamba mwenzetu atahamishwa.

Sisi ndio tuliokuwa tukiandika kumbukumbu za vikao. Chini ya kichwa "Mengineyo" tuliandika: "Suala la nidhamu limezungumzwa na kumalizika." Mwalimu yule alihamia shule nyingine yenye wasichana wa darasa la sita. Mwezi uliofuata jina la mtoto lilikatwa katika daftari la mahudhurio kwa wino mwekundu, na sababu iliyoandikwa mbele yake ilikuwa "utoro". Mwandiko ule pia ulikuwa wetu.

Hatukumdhuru mtoto yule kwa mikono yetu. Lakini kalamu iliyoufanya uovu ule uonekane kama haukutokea tuliishika sisi, na hakuna aliyetulazimisha.

MAHAKAMA ILISEMAJE

Miaka kadhaa baadaye tulisoma hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu ya Kenya mwezi Mei 2015, na Jaji Mumbi Ngugi. Wasichana wawili wa shule ya msingi mjini Nakuru walikuwa wamenajisiwa mwaka 2010 na mwalimu aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mashtaka ya jinai dhidi yake hayakufaulu; mwalimu aliachiwa. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilimwondoa kazini, na kwa desturi habari ingeishia hapo. Lakini watoto wale, kwa msaada wa watetezi wao, waliuliza swali jingine: aliyemweka mtu huyu mbele yetu ni nani, naye anajibu nini?

Mahakama ilikubali swali hilo. Iliamua kwamba Tume na Serikali zinawajibika pamoja na mtendaji, kwa kuwa ndizo zilizompa mamlaka juu ya watoto na ndizo zilizopaswa kuwalinda. Wasichana walipewa fidia, mmoja shilingi milioni 2 na mwenziwe milioni 3 za Kenya. Ikumbukwe kwamba Tume ile ilikwisha kutoa waraka namba 3 wa mwaka 2010 unaomtaka kila mwalimu anayepata habari za namna hii atoe taarifa katika muda wa saa 24, na kumtishia adhabu anayeficha. Waraka mzuri. Hata hivyo Jaji aliona kwamba nyaraka pekee hazitoshi, na kwamba haifai kuwazungusha walimu wa aina hiyo kutoka shule hata shule, kisha kuridhika na kuwafukuza.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Mei 2013, Mahakama Kuu iliyoketi Meru ilikuwa imekwisha kuamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana kumi na mmoja kwa kutopeleleza mashauri yao ya kunajisiwa upesi na ipasavyo. Hapo pia taasisi haikushtakiwa kwa kunajisi. Ilishtakiwa kwa kukaa.

Wala si jambo la Afrika Mashariki tu. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyofanya kazi kati ya mwaka 2013 na 2017, ilisikiliza maelfu ya watu waliodhulumiwa utotoni katika makanisa, shule na nyumba za kulelea watoto, na ikakuta mara kwa mara mtendaji aliyehamishwa badala ya kuripotiwa. Uhamisho una sifa moja ya hatari: humridhisha kila mtu aliyemo katika kikao. Mtoto hayumo katika kikao.

KUSIKILIZA

Sasa turudi katika kazi ya mwalimu. Mtoto hachagui saa inayotufaa. Husema wakati wa kufagia darasa, au njiani, au huandika katika insha sentensi moja isiyolingana na nyingine. Hasemi kwa maneno ya kitabu. Watoto wengi wa Kiswahili husema, "Alinifanyia tabia mbaya," na wengine hutumia neno la lugha ya nyumbani kwa kiungo cha mwili. Mwalimu asimsahihishe. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kukubali kwamba shahidi anaweza kutumia tafsida za namna hiyo akaeleweka. Basi mwalimu asiwe mkali kuliko mahakama.

Kosa kubwa la wanachuo wetu, tulipofanya maigizo, halikuwa ukali. Lilikuwa huruma yenye haraka. "Ni Mwalimu Fulani, sivyo?" "Alikushika hapa?" "Ulipiga kelele?" Swali la kwanza linamtia mtoto jina mdomoni, na siku moja wakili atauliza jina hilo alilipata wapi. La pili linamtajia jambo kabla hajalitaja. La tatu linamhukumu, maana mtoto ambaye hakupiga kelele atasikia kwamba kosa ni lake. Maswali yanayofaa ni machache na hayana mlango wa pembeni: "Nieleze." "Ikawaje baada ya hapo?" "Kuna jambo jingine ungependa kuniambia?" Kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, kwani sisi walimu tumezoea kulijibu swali letu wenyewe darasa likikawia.

Yafaa pia kuwa tayari kwa ombi ambalo karibu kila mtoto huliomba: "Mwalimu, niahidi hutamwambia mtu." Usiahidi. Mtoto aliyekwisha kusalitiwa na mtu mzima mmoja asisalitiwe na wa pili. Mwambie hivi, au kwa maneno yako: "Siwezi kuahidi kunyamaza, maana nataka jambo hili likome. Ninaahidi kwamba kila nitakayemwambia, wewe utamjua kwanza." Kisha mwambie wazi kwamba hakukosea. Maneno hayo yakisemwa na mwalimu hubaki.

Mwalimu akishasikia kinachotosha kumpeleka mtoto mbele, aache kuuliza. Yeye si mpelelezi. Mtoto anayesimulia kwa mwalimu wa darasa, kisha kwa mwalimu wa malezi, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha mbele ya kamati nzima ya shule, anavuliwa nguo mara nne.

KUANDIKA

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, mwalimu aandike. Aandike tarehe, saa, mahali, nani alikuwapo, na maneno ya mtoto kama yalivyotoka, pamoja na swali lililoyatangulia. Asiandike "mtoto alinajisiwa". Hilo ni hitimisho lake. Aandike: "Alisema, 'Alinifanyia tabia mbaya nilipopeleka madaftari.'" Atie sahihi. Nakala moja abaki nayo mahali pa salama, si katika kabati la ofisi ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Kuna sababu ya haraka hii. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza kwamba shahidi kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni jambo linaloupa ushahidi wake uzito, na mwaka 2006 ikasema kwamba ushahidi ulio bora katika kosa la kubaka hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Mwalimu aliyeyaandika maneno ya kwanza ya mtoto siku ya kwanza ameyahifadhi kabla hayajasuguliwa na vitisho vya jamaa na maswali ya watu wengi. Tena kuna suala la umri, ambalo mashauri mengi hujikwaa hapo: umri wa mtoto hauna budi kuthibitishwa. Mzazi akumbushwe kukitafuta cheti cha kuzaliwa. Na sisi tuache tabia ya kujaza tarehe za kubuni katika rejista ya uandikishaji.

KUPELEKA MBELE

Mwili wa mtoto hausubiri kikao. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuchunguzwa, na nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Polisi hutoa fomu namba 3, yaani PF3, ambayo mganga huijaza. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo polisi kwa kazi hii, na simu namba 116 hupokea habari za watoto bila malipo.

Na lile swali la Kidodi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali hapo. Haikusema "baada ya kupata ruhusa ya mwalimu mkuu". Mwalimu mkuu aarifiwe kwa heshima kama hahusiki. Akihusika, au akisema "tutayamaliza humu humu", mwanachuo aende kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, kwa afisa ustawi wa jamii, au polisi moja kwa moja, naye atakuwa hakuvunja utaratibu wowote. Atamwarifu pia mkufunzi wake. Chuo kinachompeleka kijana wa miaka ishirini mahali kisha kikamwacha apambane peke yake, hicho nacho ni taasisi inayodaiwa jibu.

Adhabu ya kosa lenyewe si ya kufidiwa kwa mbuzi. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, anayembaka msichana aliye chini ya miaka 18 hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, awe alidai kwamba mtoto alikubali au la. Na akiwa mtoto hajatimiza miaka 10, ni kifungo cha maisha. Mtu anayetumia cheo chake juu ya mwanamke au msichana aliye chini yake ametajwa waziwazi katika sheria hiyo. Hivyo "kuyamaliza nyumbani" ni wazee kuuza kitu kisicho mali yao.

Tunajua kuna wanaohofu kwamba mwalimu asiye na hatia ataangamizwa kwa neno la mtoto. Hofu hiyo isidharauliwe. Mwenye kutuhumiwa ana haki ya kusikilizwa, na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina taratibu za nidhamu kwa kazi hiyo. Lakini haki yake ya kusikilizwa si haki ya kuendelea kuingia darasani kwa mtoto huyo wakati uchunguzi ukiendelea, wala si haki ya kuhamishwa kabla haujaanza. Kwa hakika asiye na hatia ndiye anayehitaji uchunguzi wa kweli zaidi ya wote. Uhamisho humwachia doa lisilofutika.

KUTOMWACHA MTOTO

Kuripoti si mwisho. Mashauri mengi hufa kwa sababu familia imehama msimu wa miwa ulipokwisha, au nauli ya kwenda mahakamani haikupatikana, au mjomba alipokea fedha. Mwalimu aiulize familia namba ya taarifa ya polisi, ile iitwayo RB, na aulizie maendeleo kila baada ya wiki chache. Ofisi inayojua kwamba kuna mtu anayeuliza haikai kama ile isiyoulizwa.

Shuleni, mtoto abaki na nafasi yake. Ni jambo la kusikitisha kwamba kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba nchini mwetu ndiye aliyetolewa darasani, hata pale mimba ilipokuwa ushahidi wa kosa alilotendewa. Katazo la kurudi shule liliondolewa kwa tangazo la Novemba 2021, na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua, katika shauri lililopelekwa na watetezi wa haki, kwamba kufukuzwa kwa wasichana hao na kupimwa mimba kwa lazima kulikiuka haki zao. Ruhusa ipo sasa. Lakini anayemrudisha msichana darasani, akamnyamazisha anayemzomea na kumpa daftari la masomo aliyoyakosa, ni mwalimu wa darasa.

Na tuache kuwatuma watoto nyumbani kwa walimu. Maji, kuni, bustani, vyombo: vyote hivyo tulivirithi, na tuliviita kazi za mikono na heshima kwa wakubwa. Mtoto aliyefundishwa kwamba mwalimu hakataliwi jambo lolote atajifunzia wapi kukataa?

ZOEZI

Wanachuo wagawanywe watatu watatu. Mmoja awe mtoto, aliyepewa faraghani sentensi moja tu ya kusema. Wa pili awe mwanachuo aliye katika mazoezi. Wa tatu awe mwalimu mkuu. Asiigizwe kama mtu mwovu, bali mtu mwema mwenye hofu, aliyebakiza miaka miwili kustaafu na anayempenda mwalimu anayetuhumiwa kama mdogo wake. Kila mmoja aigize kila nafasi. Kisha mwanachuo aandike taarifa yake, na mwalimu mkuu aandike kumbukumbu za kikao cha walimu cha siku ile. Maandishi hayo mawili yasomwe darasani yakiwa sambamba, na wasikilizaji waonyeshe ni neno gani la mtoto lililopotea, na katika mstari upi.